Shukrani Kabla ya Mtihani

Jumapili, 4 Mei
Vizazi vijavyo na vikumbuke: leo, ibada ya pili, usharika wetu hapa Nkoaranga umetangaziwa kwamba mimi, Elinaza, mwenye mvi na wajukuu, naingia kusomea sheria chuo kikuu. Makofi! Nikatoa mkungu wa ndizi wa shukrani, ukanadiwa nje. Aliyeununua ni jirani yangu Nelson, mzee wa kanisa. Akaniuliza mbele za watu kama mtihani wa kujiunga nimeshaufanya. Nikamjibu mtihani ni kubisha hodi tu. Mwenye nyumba ameshaniona dirishani. Akasema kwao shukrani hutolewa baada ya mavuno. Wivu!

Jumatano, 7 Mei
Naitwa Wakili. Bibi mmoja kaniamkia shikamoo, naye kanizidi umri. Nikaitikia marahaba! Nakariri vifungu vya sheria ya ardhi huku napalilia kahawa. Mke wangu Elieshi kasikia kwamba mtihani haupimi vifungu, unapima namna mtu anavyofikiri. Kama ni kufikiri tu, nimeshapita.

Jumamosi, 10 Mei
Ole wangu. Mtihanini hakikutoka kifungu hata kimoja! Swali kubwa: mbuzi wa A amekula maharage ya B, pima hoja za pande zote mbili. Sasa, mwezi wa tatu mbuzi wa Nelson alimaliza maharage yangu. Kalamu ikashika moto. Nikamtia A hatiani, nikamvua na uzee wa kanisa.

Ijumaa, 23 Mei
Nimefeli. Sokoni nikasema Nelson aliniombea mabaya. Maneno yalifika nyumbani kabla yangu. Elieshi hakupika. "Baba Nancy, mpelekee isale." Kwetu, aliyeletewa jani la isale hana njia ila kusamehe.

Jumapili, 25 Mei
Nelson kapokea kwa mikono miwili, kasema yamekwisha, jirani. Kisha akauliza mbona lina mizizi.
Ukweli ni huu. Kwa aibu na haraka sikukata jani, niling'oa shina zima. Mashina ya isale ndiyo mpaka wetu. Nikafukia shimo nisionekane, na sasa hata mimi silioni. Nelson kacheka mpaka kukohoa. Mimi nilitazama viatu vyangu.
Mchungaji nimeshamwomba tangazo la mtihani wa mwakani. Mkungu wa shukrani nimeuchagua, mnene, kule kule mpakani. Wangu au wa Nelson, sijui.