Mstari wa Kengele

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Bosi kasema Ijumaa atachagua nani ataandika programu ya kuendesha kiwanda chake cha pili cha mikate: mimi au mwenzangu tunayemwita Miwani. Ofisini tupo wawili tu, chumba kimoja juu ya fundi viatu, kwa hiyo nafasi yangu si mbaya. Tena programu ya kiwanda cha kwanza niliiandika mimi! Inasukuma mkanda, inaingiza trei kwenye tanuri, inazitoa, inapiga kengele. Miaka miwili haijasimama hata dakika.

Ina kasoro moja ndogo. Kengele inalia mara mbili badala ya moja, na wapakiaji wanaukimbilia mkanda mara ya pili bure. Bosi kasema atakayeiondoa kasoro hiyo kabla ya Ijumaa, kazi atakuwa amejipa mwenyewe.

Miwani akashauri tuchukue nakala ya programu, tuiendeshe hapa mezani, tuichunguze taratibu. Nakala! Daktari gani anampima mgonjwa kwa kutazama picha yake ya harusi? Nina mpango wangu.

Jioni nikampigia mama mkwe, nikamwambia kazi nimepata. Miaka yote ananiita "wewe". Leo kaniita mwanangu! Mke wangu akauliza kama kweli nimeshapewa. Nikamwambia aliyebaki kujua ni Bosi tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeingia! Kutoka mezani kwangu, kwa mtandao, hadi ndani ya programu yenyewe, ikiwa inafanya kazi kule kiwandani upande wa pili wa mji. Miwani kakaa hatua tatu tu kutoka kwangu na hana habari.

Ufundi wenyewe ni huu. Unachagua mstari mmoja wa programu, unauwekea alama ya kusimama. Programu ikifika pale inaganda, nawe unachungulia tumboni mwake, kila namba unaiona. Nikaweka alama kwenye mstari wa kengele. Saa nne na dakika kumi ikasimama. Raha iliyoje! Nikatazama nilivyotaka. Nikaenda kumimina chai. Nikarudi, bado imetulia kama maji mtungini.

Nilipoiachia tu, simu ikaita. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mkuu wa zamu kule kiwandani. Anahema. Mkanda umegoma ghafla, kasema, dakika kumi na mbili nzima, na trei sita zilikuwa ndani ya tanuri. Mikate yote mkaa mtupu. Nikamuuliza imetokea saa ngapi. Saa nne na dakika kumi.

Kumbe kuna kasoro ya pili, kubwa kuliko ile ya kengele! Na aliyekuwepo ilipotokea ni mimi! Bosi akisikia hatasubiri hata Ijumaa.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimeingia mara tatu. Mkanda umegoma mara tatu! Nikiwa ndani, kasoro inatokea. Nikitoka, inajificha. Bahati ya namna hii hawapati wengi.

Shemeji kapiga tena. "Shem, niambie ukweli. Kuna mtu anaigusa hiyo programu?" Nikamwapia hakuna anayeigusa. Mimi naitazama tu. Akasema wenye maduka wamejaa getini wanataka mikate, na Bosi kawaomba radhi mmoja mmoja.

Nimewaza sana. Programu yangu ilikuwa nzima miaka miwili. Wiki hii, wiki ya kuchaguliwa mtu, inaugua. Nani anafaidika? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikageuka kumtazama Miwani. Alikuwa anafuta miwani yake kwa utulivu wa kutia shaka! Nimehamisha meza, sasa namwona ubavuni.

Alhamisi, 7 Machi

Vita kamili! Nimeweka alama kumi na moja, kila mlango wa programu mtego wake. Adui apite wapi?

Kuanzia saa mbili asubuhi programu ikawa inasimama, naitazama, naiachia, hatua mbili mbele inasimama tena. Saa sita mama mkwe akapiga simu kutaka kujua kazi inaendeleaje. Nikamweleza kirefu, kwa mifano. Ni mwanamke msikivu sana, siku hizi. Niliporudi kwenye kompyuta dakika arobaini zilikuwa zimepita na programu bado inaningoja.

Shemeji hapokei simu zangu. Mke wangu kaongea naye. Kasema unga uliokandwa umeumuka mpaka umemwagika sakafuni, na wapakiaji wamerudishwa nyumbani. Maduka mawili yamehamia kwa mwokaji mwingine. Mke wangu akauliza mimi hasa huwa nafanya nini kutwa. Nikamwambia nakiokoa kiwanda.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi katuita wote kiwandani. Harufu ya kuungua mpaka kwenye mapazia. Sikungoja kuulizwa, nikasimama wa kwanza! Nikasema kuna mtu anaingia kwenye programu kwa siri na kuihujumu. Nikasema kompyuta ya kiwanda huandika jina la kila anayeingia, na saa aliyoingia. Nikadai orodha isomwe hadharani.

Miwani akaninong'oneza nifikirie kwanza. Waoga! Nikapaza sauti: isomwe!

Shemeji akasoma. Jumanne saa nne na dakika tano, jina langu. Jumatano, jina langu, jina langu, jina langu. Alhamisi hakuendelea, alimpa Bosi karatasi.

Nilieleza kwamba mimi nilikuwa nasimamisha programu kwa dakika chache tu, ili nijue kwa nini inasimama. Nilijisikia nikiyasema maneno hayo. Mpakiaji mmoja alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Niliona aibu, naandika kweli, masikio yaliwaka moto.

Kisha Miwani akaweka kompyuta yake mezani. Alikuwa na nakala yake. Amri ya kupiga kengele niliiandika mara mbili, mstari juu ya mstari. Kafuta mmoja. Kazi ya dakika kumi, kasema, na wala hakuringa. Kazi ya kiwanda cha pili kapewa yeye. Mimi nimebaki ofisini kwa sababu Miwani aliniombea, na nimekatazwa kuigusa programu yoyote yenye mkate ndani yake. Kwa mama mkwe nimerudi kuwa "wewe".

Jumatatu, 25 Machi

Wiki mbili za kutafakari. Nimekuwa mtu mpya! Kosa langu nimeliona wazi: alama kumi na moja zilikuwa nyingi mno.

Leo kiwanda cha pili kinafunguliwa. Bosi yupo huko, Shemeji yupo, Miwani yupo, mke wangu na mama yake nao wamekwenda kwa ajili ya mkate wa kwanza. Mimi nimeachwa kulinda ofisi. Kompyuta ya Miwani ipo wazi, na programu yake mpya, ile inayoendesha kiwanda kule, inafanya kazi mbele ya macho yangu. Safi sana, lazima nikiri. Ila kuna sehemu moja siielewi. Na mtu akitaka kuelewa, atafanyaje? Nimeingia kwa jina lake ili nisimsumbue mtu. Siigusi. Nimeweka alama moja tu, tena kwenye mstari wa mbali ambao programu haiwezi kuufikia leo.

Imeufikia.

Imesimama vizuri sana! Simu inaita. Ni mama mkwe, nadhani bado yuko kwenye foleni. Asubiri kidogo, ndiyo kwanza naanza kuangalia.