Muundi Wangu na Lami ya Utende

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Posa yangu imefika kwa Mzee Shamte, baba yake Amina. Amejibu kwamba mwenye kuolewa ni Amina, basi Amina ndiye atakayesema. Na Amina amesema nisubiri. Nisubiri nini? Nadhani najua. Jumapili hapa kisiwani Mafia kuna mbio za Kilindoni hadi Utende, na juzi nilimsikia akisema binamu yangu Hemedi anakimbia vizuri. Kwa hiyo mpango ni huu: kumshinda Hemedi.

Hemedi anafanya mazoezi ufukweni, maji yakitoka, kwenye mchanga mbichi. Mbio ni za lami, bwana! Mimi leo nimeanza na lami yenyewe, nenda rudi, mguu uzoee. Sijakimbia tangu nimalize shule, lakini nia ninayo. Amina alinikuta barabarani akitoka kufundisha. Akaniambia nipunguze, nitaumia, nishuke mchangani kama Hemedi. Hemedi tena. Nikaendelea kukimbia. Pumzi ya kujibia sikuwa nayo.

Jumatano, 6 Agosti

Muundi wa kushoto unawaka. Lakini nimegundua jambo kubwa. Nikikanyaga, kishindo hakiishii kisiginoni. Kinapanda gotini, kinapita nyongani, kinafuata uti wa mgongo hadi kwenye meno. Subhanallah. Miaka yote hii sikujua kwamba kisigino changu na gego langu wanajuana. Nilisimama katikati ya barabara nikistaajabu, mpaka bodaboda akanipigia honi.

Ijumaa, 8 Agosti

Dawa nimeipata. Dukani kwetu tunauza misumari, rangi na sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini ili mbao zisipasuke. Nikawaza: ubao unapigwa na mawimbi miaka na miaka, na umo tu. Muundi una tofauti gani na ubao? Nikajipaka kuanzia gotini hadi kifundoni, mikono miwili, kama ipasavyo.

Paka wa sokoni wote walinifuata. Msikitini mtu wa kulia kwangu alihamia safu nyingine, kisha wa kushoto naye akamfuata. Baada ya swala Hemedi aliniuliza, kwa upole kabisa, kama siku hizi navua. Hana adabu.

Jumapili, 10 Agosti

Nilianza mbele ya watu wote. Kwa muda mfupi, lakini nilianza mbele.

Kisha Hemedi akanipita, na sikumsikia akija. Mimi natua pu, pu, pu, yeye anaigusa lami kama anayeiomba radhi. Wivu ulinikaba, ila wallahi nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona. Sikujua mwili wa mtu unaweza kwenda hivyo. Hapo ndipo mguu wangu ukakataa katakata. Nimefika Utende kwa bodaboda, na dereva akaomba niining'inize miguu mbali naye. Amina alikuwa akigawa maji. Akanipa kikombe, akamgeukia aliyefuata. Hilo liliniuma kuliko mguu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepigwa picha ya mfupa. Dada Eufrasia, muuguzi kutoka Bukoba, aliishika dirishani na kunionyesha ufa mwembamba kama unywele. Mimi ufa sikuujali. Niliutazama mfupa. Mweupe, umenyooka, umenibeba tangu utotoni na hatujawahi kuonana.

Alisema nikikimbia, kila hatua mguu unabeba uzito wangu mara mbili, hata tatu. Alisema lami si mwenye kosa peke yake, kosa kubwa ni haraka yangu. Mfupa ukigongwa kidogo kidogo na kupumzishwa, hujijenga ukawa mgumu zaidi. Machozi yakanitoka. Akadhani ni maumivu. Akaniamuru nisikimbie mpaka aniruhusu mwenyewe, tena nikaoge.

Jioni Amina alikuja na mama yake kunijulia hali. Akasema hakuwa akisubiri mshindi wa mbio. Alikuwa akitazama kama mimi ni mtu wa kuambiwa jambo nikasikia. Nikitulia mpaka muuguzi aniruhusu, atamwambia baba yake aipokee posa. Nikaapa. Na niliapa kwa moyo.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimetulia sana. Picha ya mfupa nimeitundika dukani, na mteja mmoja ameuliza kama inauzwa.

Nimeyawaza maneno ya Dada Eufrasia, hasa hapo kwenye kugongwa na kujijenga. Kama lami inajenga, kilicho kigumu kuliko lami kitajenga zaidi. Nikakizunguka kisiwa chote kwa mawazo. Hakuna kigumu kama zege la gati. Leo asubuhi nikaenda kujaribu kidogo tu, ili muuguzi aukute mfupa uko tayari, na Amina asikawie kuolewa. Yaani nilikwenda kwa ajili yake.

Nilipofika katikati ya gati, boti ilikuwa inashusha abiria. Na Amina huyo hapo mbele, amekuja kumpokea shangazi yake. Alikuwa amenipa mgongo. Ningeweza kugeuka nikarudi taratibu. Nikaongeza mwendo, nikamwita kwa jina, asije akakosa kuona.