Klementina Anatoa Moshi

Jumapili, 7 Desemba

Klementina amerudi! Gari langu, la mwaka 1983, rangi ya maziwa. Wiki mbili kwa Fundi Santigie kule Lumley. Gasketi mpya, sili za valvu mpya, maneno mengi. Amepanda mlima wote hadi hapa Wilberforce bila kukohoa.

Nimemwegesha nje ya geti, kwenye mwinuko, pua juu. Uani kuna nafasi, tena tambarare, lakini uani nani atamwona? Nje anaonekana vizuri kutoka baraza la ng'ambo, na Bwana Gershon Pratt hunywa chai barazani kila jioni. Pratt alikuwa msimamizi wangu wa harusi. Alinishikia pete. Sasa ana mke wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi hata koti la kusimamia nilimwazima.

Binti yangu Iyamide anaolewa Jumamosi. Amekwisha kuamua: Klementina akiwa mzima, nitampeleka kanisani mimi. Asipokuwa mzima, ataenda na jeep ya Pratt. Mimi ndiye niliyemzaa, lakini napewa sharti kama dereva wa kukodi.

Nimepima oili kabla ya chakula. Iko chini ya alama ya chini! Santigie ameniibia. Nimeongeza lita moja, kimya kimya. Sitaki kelele wiki ya harusi.

Jumatatu, 8 Desemba

Moshi! Nimewasha gari saa mbili asubuhi na mtaa mzima ukapotea. Nguo za Mama Regina, jirani wa kulia, zilikuwa kambani. Amezianua bila kunisalimu.

Baadaye alirudi na ushauri, maana hapa kila mtu ni daktari wa gari la mwenzake. Akasema moshi mweupe ni maji, gasketi imewekwa vibaya. Mume wake akasema ni wa bluu, na moshi wa bluu ni gari linakula oili. Wakabishana juu ya rangi mbele ya geti langu mpaka wali wao ukaungua. Nikashika kitambaa cheupe nyuma ya bomba. Kimetoka kina madoa ya mafuta. Basi ni bluu.

Pratt naye akavuka barabara. Akavua kofia. Akasema pole, kwa sauti ya msibani, na kwamba jeep ipo, nisione haya. Nikamwambia injini inajisafisha tu baada ya matengenezo. Akasema ndiyo, bila shaka. Namchukia zaidi anapokubali.

Nimepima tena. Chini ya alama! Inakula kweli. Nimeongeza lita nyingine.

Jumanne, 9 Desemba

Nimeshuka Lumley na moshi wangu nyuma. Santigie akafungua plagi, zote zimelowa oili. Akachomoa kipimo, akakifuta, akakirudisha, akatazama mara tatu. Akasema oili imezidi sana, na ikizidi injini huitupa mpaka kwenye silinda, ndiyo moshi. Akaniuliza kama nimeongeza.

Nikasema sijagusa. Mimi mtu wa heshima, karani mstaafu wa posta, siwezi kujieleza kwa mtu aliyelala chini ya gari.

Hapo akachanganyikiwa. Akasema kama sikuongeza, basi haelewi, labda ringi za pistoni, itabidi afungue injini upya. Wiki ya harusi! Nikakataa. Akapunguza oili mpaka kwenye alama, akanionyesha, na kweli ilikuwa sawasawa. Nikapanda mlima bila moshi hata kidogo, nikiimba.

Nikaegesha mahali pake. Nikangoja apoe. Nikapima. Chini!

Sasa nimemtambua Santigie. Lumley oili imejaa, Wilberforce haipo. Mbele yangu anaonyesha kipimo kizuri, nyuma yangu anafanya jambo. Sijui jambo gani. Njia ya mwongo ni fupi, nitamkuta mwishoni. Nimeongeza lita moja.

Jumatano, 10 Desemba

Moshi umerudi. Na mimi nimeweka mtego. Nimefunga boneti kwa utepe wa harusi, mafundo matatu, juu yake nikadondosha nta ya mshumaa. Jioni utepe haujaguswa, nta nzima, oili chini vilevile. Kwa hiyo mwizi haingii kwa boneti. Nimelala kifudifudi barabarani kutafuta tundu chini ya injini, na suruali yangu ya kanisani. Hakuna hata tone. Pratt akaniuliza kutoka barazani kama nimeangusha kitu.

Nimeongeza nusu lita tu. Najizuia.

Pia nimezungumza na mpiga picha. Nimemwambia Jumamosi apige gari kwa mbele tu. Nyuma nitafunga tepe ndefu nyeupe, nyingi, zipepee ndani ya moshi, watu wadhani ni pambo. Akacheka. Sikuwa natania.

Alhamisi, 11 Desemba

Siku mbaya. Iyamide alikuja kujaribu gari. Nikamzungusha mtaa mmoja. Moshi ukaingia kwa dirisha la nyuma, akafunika pua kwa kilemba, na akashuka ananuka kama jiko la mafuta ya taa. Gauni lake ni jeupe, alilishona mama yake miezi mitatu. Hakugomba. Akasema ataenda na jeep, na kwamba nikae naye kiti cha nyuma, mimi na yeye, Pratt aendeshe tu kama dereva.

Nikakataa. Nikasema siingii gari la yule bwana hata kwenye jeneza.

Akasema, "Baba, mimi sikuomba gari. Niliomba wewe."

Nikamwambia nitamfuata nyuma na Klementina. Akaondoka kwa miguu.

Saa kumi Santigie mwenyewe akapanda mlima. Roho ilimuuma, akasema, hajawahi kushindwa na gari hili. Akafika getini, akaona Klementina pua juu, akasimama akashika kiuno. Akaniuliza kama huwa napimia oili hapo hapo. Nikasema nipimie wapi, ikulu? Akalisukuma gari mpaka uani, akangoja, akapima. Vidole viwili juu ya alama.

"Mzee wangu," akasema, "oili haijaibwa. Gari likiinua pua, oili inarudi nyuma, kipimo kinabaki kikavu. Pima uani. Au usipime kabisa, niachie mimi."

Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo lililoniudhi. Akapunguza oili, akasafisha plagi, akawasha. Moshi haukutoka. Akaenda zake bila hata kuomba nauli.

Nimefikiri sana. Eti mlima ndio mwizi! Nimeishi kwenye mlima huu miaka sitini na tatu, haujawahi kuniibia kitu. Nimemrudisha Klementina nje.

Ijumaa, 12 Desemba

Awujoh, karamu ya kuwalisha mababu, nyumbani kwa Pratt, maana ndiko aliko mama wa bibi harusi. Maharage, ndizi za kukaanga, wali wa kutosha walio hai na waliokufa. Shimo likachimbwa uani, wazee wa familia tukawatilia mababu chakula chao na maji. Ilikuwa zamu yangu kurusha vipande vinne vya mbegu ya kola kuuliza kama wameridhika.

Wote wakadhani naulizia ndoa. Mimi moyoni niliulizia Klementina: je, nimpande kesho?

Vipande vyote vinne vikalala kifudifudi. Hapana. Nikasema upepo, nikarusha tena. Hapana. Mara ya tatu, hapana. Shangazi mmoja akaanza kunong'ona sala. Mara ya nne viwili vikaangalia juu, viwili chini, watu wakapiga makofi. Mababu wamekubali! Ukijua kuuliza, unajibiwa.

Eugenia, mama yake Iyamide, akanijazia sahani mwenyewe. Akasema nikae naye kesho gari moja na binti yetu, Pratt hatajali. Najua hatajali. Hicho ndicho kinachonichoma.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika haraka.

Asubuhi nilipima. Chini ya alama. Siku ya harusi ya mwanangu, niende na injini kavu? Nikamimina galoni lililobaki, lote.

Jeep ikatoka, mimi nyuma yake, tepe nyeupe zikipepea. Mita mia tatu hivi zilikuwa za fahari. Kisha moshi. Sikuona jeep, sikuona barabara, nikasikia watu wakikohoa pande zote mbili. Kwenye kona ya kwanza ya kushuka Klementina akapiga chafya mbili, akazima. Plagi zimelowa.

Jeep ikasimama. Iyamide akatoa kichwa dirishani, shela na yote. Akaita, "Baba, njoo! Nafasi ipo!" Akausukuma mlango wa gari mpaka ukawa wazi.

Nikampungia mkono. Nikasema watangulie, dakika mbili nawakuta.

Niliwasha mara kumi na moja. Kisha nikaenda kwa miguu, viatu vipya, vumbi la harmatani kooni. Nilipofika mlango wa kanisa, kasisi alikuwa anauliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe. Nilifungua kinywa, lakini pumzi haikuwepo. Nikasikia sauti ya Pratt ikisema, taratibu, kwamba ni yeye, kwa niaba ya baba yake.

Kwa niaba! Hata hilo alilisema vizuri. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, nikanuka oili mpaka wimbo wa kufunga. Nililia kidogo. Mama Regina alidhani ni furaha.

Jumapili, 14 Desemba

Iyamide na mumewe wamepita kuaga kabla ya kwenda mji wa Bo kwa wakwe. Ameniletea keki, kipande cha juu kabisa. Ameniomba tu nimpokee Jumapili ijayo stendi ya mabasi, mimi mwenyewe, na Klementina akitaka kuja aje. Amenipa nafasi nyingine, mtoto huyu, sijui alijifunza wapi.

Santigie naye alimshughulikia Klementina baada ya ibada, pale pale kwenye kona. Amemwaga oili yote, ametia mpya, ameweka plagi mpya. Gari limerudi bila moshi hata wa sigara. Akaniapisha nisiguse kipimo. Nikaapa, mkono juu ya boneti.

Nimeegesha mahali pake, pua juu. Pratt yuko barazani na chai yake, acha aone. Kisha nikachungulia kidogo tu, kwa sababu nitampokea binti yangu na sitaki aibu.

Chini ya alama! Mshenzi yule Santigie, hata siku ya Bwana!

Nimeongeza lita mbili. Moja ya leo, moja ya akiba, Iyamide asije akapata tabu njiani.