Nukta Isiyosogea

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Beni na Butembo, wazima kwa wagonjwa, kwamba kuanzia Jumatatu ugonjwa hautaruhusiwa kutokea mahali ambapo ramani haiuonyeshi. Ndivyo lilivyoanza tangazo la Ofisi Kuu ya Ramani za Afya ya Kaya. Mkurugenzi wake, Éliakim Vagheni, alilisoma mwenyewe redioni, polepole, ili hata wafanyabiashara wa Butembo waache kufungua mizigo na wasikilize.

Ramani yenyewe ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Kwa miezi minne wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza: maji mnachota wapi, choo kiko wapi, mtoto gani amechanjwa, nani anaharisha. Majibu yakaingizwa kwenye kompyuta, kompyuta ikaligeuza kila kundi la nyumba kuwa nukta na kuipaka rangi. Penye afya, kijani. Penye mashaka kidogo, manjano. Penye balaa, nyekundu. Na pale ambapo wadadisi hawakuweza kufika kwa sababu ya risasi, takwimu za kieneo ziliazima namba kwa majirani. Kijijini Kasugho, kwa mfano, hakufika mtu. Basi Kasugho ikaazima afya ya Masereka, na watu wake wote wakapona kwa mkupuo mmoja bila kumeza hata kidonge. Éliakim alipoelezwa hayo alifurahi sana. Aliuliza kama mwaka ujao isingewezekana kutofika kokote.

Nukta moja tu ilikataa kupona. Iliwaka nyekundu katikati ya mji wa Beni, na wafadhili wakaahidi kuipelekea kisima chenye bomba sita na choo cha umma cha milango minane. Ujumbe kutoka Kinshasa ungekuja kuzindua. Ilinong'onwa kwamba mkurugenzi atakayeufurahisha ujumbe huo ataondoka nao, apewe kazi Kinshasa. Éliakim alikwisha kushona suti.

Wiki hiyo akaja ofisini Mama Katungu, chef wa avenue moja, yaani kiongozi wa mtaa, upande wa Mulekera mjini humohumo, akiongozana na Florentine, fundi wa takwimu aliyeichora ramani.

"Chef, zile nyumba baliandika ku enquête ya nyumba kwa nyumba njo za kwetu," alisema Mama Katungu. "Tulizika batoto batatu ku mwezi moya, juu ya kunywa maji ya mutoni. Mais banasema bomba itaenda fasi ingine. Kwetu hata ingénieur moya hatuyamuona."

Éliakim aliifungua ramani, akaitazama kwa makini.

"Mama, avenue yenu iko ya manjano," akajibu kwa upole. "Manjano hapana kuzika batoto batatu."

Florentine akakohoa, akaeleza kwamba kuna kanuni: kabla ramani haijachorwa, kila nukta husukumwa na kompyuta pembeni kwa kubahatisha, mjini hadi kilomita mbili, ili mtu asijue nyumba ipi ilijibu nini. Nukta nyekundu ilikuwa ya Mulekera. Ilisukumwa tu.

"Donc chef, batu bako Mulekera, na point iko fasi ingine," alimalizia. "Ni kawaida. Bomba iende kwenye kuko batu."

"Umesukuma point ya serikali?"

"Ni ordinateur njo inasukuma, chef."

"Na nani alisaini?"

Hakuna aliyesaini. Éliakim aliumia moyoni. Katika miaka yake ishirini na miwili ya utumishi hakuwahi kuona kitu kikisafiri kilomita mbili bila ordre de mission, ile hati ya ruhusa ya safari ya kikazi. Angeweza kuuliza nukta sasa imeangukia wapi, lakini mambo ya mahali ni madogo, na yeye alikuwa mtu wa ramani nzima.

Siku hiyohiyo alitia saini Agizo namba kumi na nne. Kifungu cha kwanza: kazi ifanyike kwenye nukta, bila kusogea hata mita moja. Cha pili: mahali hapo pawe wazi kwa kaya zote, alfajiri hadi magharibi, bila geti wala mlinzi. Cha tatu: mtumishi yeyote atakayesema kwamba nukta iko mahali pasipo pake atasimamishwa kazi. Florentine alikuwa wa kwanza kunufaika na kifungu cha tatu. Mama Katungu hakuweza kusimamishwa kwa kuwa hakuajiriwa, hivyo akashauriwa awe na subira.

Jumamosi iliyofuata Éliakim alikuwa barazani kwake, katikati ya mji, akinywa chai na mkewe Solange, lori la kuchimbia lilipopiga honi getini. Injinia Lusenge akaingia, macho kwenye kifaa chake, akihesabu hatua.

"Bonjour chef. Munisamehe. Point iko hapa."

"Hapa wapi?"

Lusenge alisogea hatua mbili nyingine, akainama.

"Ku kiti yako, chef."

Éliakim akacheka, halafu akaacha. Alitaka kusema kwamba nukta imekosea. Sentensi hiyo ilimfika mdomoni, ikakumbuka kifungu cha tatu, ikarudi ilikotoka.

"Wekeni hata kule nyuma ya ukuta," akasema.

"Article ya kwanza, chef. Hata mètre moya hapana."

"Éliakim!" Solange alikuwa amesimama. "Choo ya milango munane pa baraza yangu? Sema kitu!"

"Nasema," akajibu mkurugenzi. "Nasema karibuni."

Baraza likabomolewa, geti likang'olewa. Ujumbe ulipofika, mkuu wake aliguswa sana na kiongozi aliyetoa parsele yake, kiwanja cha nyumba yake mwenyewe, kwa ajili ya wananchi. Alisema mtu wa namna hii ni dhambi kumtenganisha na watu wake. Kazi ya Kinshasa akapewa mwingine.

Kisha wakaja wenye nukta wenyewe. Mulekera yote ilitembea kilomita mbili na bidon za manjano za kuchotea maji, wengine wamepakia nne nne kwenye pikipiki, na Mama Katungu akapanga foleni kuanzia bombani hadi dirisha la chumba cha kulala. Milango minane ya choo ilielekea sebuleni. Solange alivumilia siku tisa, akaenda kwao Butembo. Éliakim alibaki na agizo lake.

Wiki ya tatu aliuza jeep yake na kununua mabomba. Kwa kuwa nukta haikukosea, haikuweza kuhamishwa. Lakini hakuna kifungu kilichokataza kuirefusha. Hivyo ulizaliwa Mradi wa Kurefusha Nukta, na Beni ikawa mji wa kwanza kuwa na nukta ya kilomita mbili. Florentine alirudishwa kazini kwa barua isiyotaja sababu, maana yeye ndiye aliyejua irefushwe kuelekea wapi. Aliomba kitu kimoja tu: ordre de mission ya nukta. Éliakim akaisaini.

Siku maji yalipotoka Mulekera, mkurugenzi alifika kwa pikipiki ya kukodi, na hotuba ya kurasa tisa mfukoni. Mama Katungu alikuwa akijaza bidon ya kwanza.

"Maji ni mazuri, chef," alisema bila kugeuka. "Mais asante siwezi kukupa. Tulikuya ku bureau, tukakuambia batoto batatu. Ungekuya tu kuangalia."

Éliakim aliona aibu, aibu ya kweli, ile isiyokuwa na kifungu. Hata hivyo akafungua kinywa aeleze jinsi rangi ya manjano inavyokokotolewa. Mama Katungu akafunga bidon, akainyanyua, akamkabidhi mikononi.

"Beba. Ni ya mama ya wale batoto. Mama mumoya njo alizaa bote batatu."

Hotuba ilibaki mfukoni, ikalowa. Lita ishirini si mchezo kwa mtu aliyezoea kubeba kalamu, na avenue ile ina vichochoro vingi. Alipumzika mara tatu. Kila alipopumzika aliuliza nyumba ni ipi, na majirani wakamwonyesha.