Mkono Chini ya Moyo

Jumatatu, 12 Juni 1995. Bariadi.
Kampuni mpya ya pamba inatafuta msimamizi wa kituo chake cha kununulia kule Sola. Sola! Nilikozaliwa. Ushirika ulinileta Bariadi nikiwa kijana, huku nyuma Operesheni Vijiji ikavunja nyumba yetu, na tangu hapo naenda Sola kama mgeni: nazika, nakula, narudi. Sasa soko huria litanirudisha nikiwa na ufunguo wa ghala. Sharti ni cheti cha daktari kwamba presha ni ya kawaida, kwani Bwana Machibya wa kampuni hataki mtu wa kumwangukia kazini. Mshindani ni mmoja tu, Mahona, tuliyekuwa naye ushirika. Mtu asiyejua hata kukunja gazeti akishalisoma.

Jumanne, 13 Juni.
Balaa! Daktari Bundala wa zahanati yuko safarini. Anayepima ni Mektilda, mke wa mwanangu Dastan. Mkwe! Na mkwe wa Kisukuma hasimami juu ya baba mkwe, sembuse kumshika. Alipiga magoti sakafuni, akageuzia uso ukutani, akaniamkia, “Mwangaluka, baba,” kisha akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha kwa ncha za vidole kana kwamba mkono wangu ni kaa la moto. Nami niko juu ya kiti kirefu, mkono unaning'inia hadi alipo yeye. Presha juu! Akauambia ukuta kwamba baba apumzike, arudi. Mahona akapimwa mezani kama mtu wa kawaida, akapita. Akatoka akipiga mluzi. Eti, “Pole, mzee Mihayo, nitakusalimia watu wa Sola.” Nyoka.

Jumatano, 14 Juni.
Nimefukua kitabu cha tiba alichoniachia padri mmoja. Kumbe! Mkono ukiwa chini ya moyo, kipimo hupanda. Ukiwa juu ya moyo, hushuka. Mimi si mgonjwa, ni heshima tu! Mke wangu Ng'washi akasema basi nimsubiri daktari, anarudi Ijumaa. Nisubiri, Mahona akabidhiwe ufunguo wangu? Au nimwamuru mkwe asimame, Bariadi nzima isikie? Hapana. Yeye hawezi kupanda. Nitashuka mimi. Sayansi!

Alhamisi, 15 Juni.
Nilikaa sakafuni. Mektilda akashtuka, akainama chini zaidi. Nikalala chali. Hapo akakosa pa kushukia. Akaulalamikia ukuta: “Baba unanionea.” Nikainua mkono wima, kama mwanafunzi anayejua jibu. Kipimo kikashuka. Kikashuka mno! Mektilda akasahau ukwe wote, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi, akauliza kama bado niko.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Machibya, amekuja kuulizia vyeti! Nyuma yake Mahona! Nikaruka kusimama nimwonyeshe nguvu zangu. Kitabu kina ukurasa unaowaonya wazee wasisimame ghafla baada ya kulala, damu hukawia kufika kichwani. Ukurasa huo nilikuwa nimeuruka. Ukuta ukapita mbele yangu, nikamwangukia Mahona. Akawatangazia wote kwamba mimi ni mwepesi kama gunia tupu.

Ijumaa, 16 Juni.
Bundala amerudi. Akaniketisha: mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Hilo la mwisho lilinisumbua. Tukatulia kidogo. Presha ya kawaida kabisa! Bundala akasema ningekuwa nimekaa tu kitini nikamngoja, sasa ningekuwa nafunga mizigo ya Sola.

Nilisimama nje nikaitazama barabara ya Maswa. Mtu akiwa mbali na kwao miaka mingi hukumbuka vitu vidogo: mimi nakumbuka kile kivuli chembamba cha ghala la mtama, ambamo mama aliweka mtungi wa maji.

Jioni Machibya akaja nyumbani. Cheti amekipenda, mwandiko wangu anaupenda kuliko wa Mahona, ila hawezi kusahau jinsi nilivyoanguka. Anahofu sina mwili wa kazi. Jumatatu atanipandisha kwenye mizani ya pamba. Nikifika kilo sitini, Sola ni yangu. Ng'washi akasema nile ugali, ninyamaze, huenda zinafika zenyewe. Nimekubali. Wiki hii imenifunza kutulia.

Jumapili, 18 Juni.
Ugali una kasi ndogo. Lakini koti langu la kanisani lina bitana pana! Nimeifumua, nimeijaza mchanga wa mtoni, nimeishona tena. Kesho asubuhi nitalinyunyizia maji kidogo, lizidi kulemea. Nimetembea nalo hadi jikoni na kurudi. Linavuta kidogo mabegani, lakini kwa mbali naonekana mtu mwenye afya.

Ng'washi aliniangalia nikishona, akauliza kazi yenyewe ya Sola ni kufanya nini hasa. Nikamweleza kwa kirefu: kusimama kwenye mizani na kukamata watu wanaotia mchanga na maji kwenye pamba ili iwe nzito. Katika ushirika mzima, hakuna aliyewahi kunipita kwa hilo.

Akalitazama koti, kisha akanitazama mimi. Nadhani ni fahari.