Tume ya Kuchagua Bunduki Isiyogoma

Wananchi wote wa bonde la Lukuga walijulishwa kwamba kuanzia Jumatatu hiyo viboko hawatafukuzwa tena ovyo ovyo. Watafukuzwa kitaalamu, kwa bunduki ambayo kutegemeka kwake kumethibitishwa na Tume. Hadi Tume itakapomaliza kazi, njia zote zisizothibitishwa zimesimamishwa: kugonga sufuria, kugonga madumu, kupiga mbinja na kupayuka. Kifungu cha nne kilieleza sababu. Kelele zingeweza kuvuruga matokeo.

Aliyeusoma waraka huo pale ukingoni mwa mto alikuwa Casimir, katibu wa Divisheni ya Utulivu wa Wanyama wa Majini, Kalemie. Ndiye pia aliyeuandika. Neno "kutegemeka" alilitia mara kumi na moja, na kila alipolifikia aliinua kidole. Kwapani alibana mkoba wenye mhuri, maana mkubwa wake, Papa Chérubin, Shefu wa Divisheni, alikwisha kumwonya kwamba ofisi inaweza kuungua, mhuri hapana.

Wa kwanza kuuliza swali alikuwa Mama Rosine, kwa kuwa shamba lake ndilo kiboko alilolikuta kwanza akitoka majini. Miaka yote wanawake wa pale walipokezana zamu: kila alfajiri wawili walisimama kwenye tuta na kugonga sufuria mpaka mnyama ageuke. Njia hiyo ilifaa sana, na hilo ndilo lililoitia Divisheni mashaka, kwa sababu haikuwa na faili.

"Papa Casimir," alisema Mama Rosine, "mahindi inabakia majuma tatu tu tuvune. Juu ya ile mahindi njo batoto bangu banasoma. Na kiboko, naye munamupa barua ya kungojea?"

"Mama, kiboko hahusiki na waraka."

"Ah. Basi njo yeye tu amepona."

Sufuria tisa zilikusanywa. Casimir aliandika namba kwenye kila moja kwa rangi nyeupe ya mafuta, kama inavyoandikwa kwenye kila mali ya Serikali, kuanzia kabati mpaka jiwe la kuzuilia mlango. Sufuria ya Mama Rosine ya kusongea bukari ikawa namba saba, naye akapewa risiti.

"Hii karatasi njo nitapikia?" aliuliza, lakini msafara wa Divisheni ulikwisha kuondoka.

Bunduki za kuchaguliwa zilikuwa mbili, zote za marisau na zote nusu otomatiki: unafyatua, inatupa ganda tupu nje na kujipakia kartushi nyingine kabla hujakohoa. Moja iliendeshwa na moshi wa baruti yake yenyewe, ya pili na lile teke inalompiga mpigaji begani. Tume ikaziita Moshi na Teke. Mjumbe pekee aliyewahi kushika bunduki alikuwa Papa Jacob, mwindaji mzee kutoka Moba, na kwa sababu hiyo aliandikishwa kama mtazamaji asiye na haki ya kusema. Papa Chérubin alimuuliza kwa bahati mbaya.

"Teke haichafuke mbio," alisema Papa Jacob, "lakini haipende kartushi legelege. Moshi inakula kartushi yote, ila lazima uisafishe kila mara. Lakini Shefu, marisau kwa kiboko? Njo kumuongezea tu kasirani."

"Ipi inang'aa zaidi?"

"Moshi, Shefu."

"Andika, Casimir. Mtaalamu ameshauri Moshi."

Majaribio yalifanyika bila kartushi, kwa kuwa kibali chake kilikuwa hakijafika. Kila bunduki ilishikwa nusu saa, ikaelekezwa dirishani. Hakuna iliyogoma. Casimir aliandika "asilimia mia", akasikia ile raha ya mtu aliyetimiza wajibu.

Kiboko naye alikuwa kazini. Wiki ya kwanza alikula mistari mitano ya mahindi ya Mama Rosine, ya pili tisa. Kwenye taarifa mistari hiyo iliingia chini ya kichwa "mchango wa jamii". Asubuhi moja Casimir alipita pale akamkuta mama huyo amepiga magoti, anaokota mabua yaliyovunjika, mahindi yake bado maziwa. Casimir alimwamkia. Mama Rosine hakuitika. Mtu mzima kunyimwa salamu barabarani si jambo dogo, na Casimir aliona haya, haya ya kweli kweli. Akarudi ofisini na, ili kutuliza moyo, akaandika kiambatisho.

Ikabaki kuiandaa Moshi kwa sherehe. Kwanza namba ya mali ya Serikali. Casimir alitafuta sehemu bapa na safi, akaipata pale ubavuni, kwenye chuma kinachokwenda mbele na nyuma, akapaka namba mara mbili ili isifutike. Kisha mafuta. Mafuta ya bunduki hayakuwemo kwenye orodha ya mahitaji ya ofisi, ila mawese yalikuwemo, ya maharagwe ya Ijumaa. Bunduki ikapakwa mawese, tena bila ubahili.

Papa Jacob aliinusa. "Hii haitakohoa mara mbili."

Akakumbushwa kwamba yeye ni mtazamaji.

Sherehe ilifanyika kwenye kile kilichobaki cha shamba la Mama Rosine, asubuhi ya kiangazi, upepo wa baridi ukivuma kutoka ziwani na mawese yakiganda polepole ndani ya bunduki. Kulikuwa na turubai, meza yenye kitambaa, na jipu ya Divisheni. Zile sufuria tisa zilipangwa kwenye tuta, mbele ya wenyewe, kama vielelezo vya enzi za ujinga. Papa Chérubin alihutubia, akainua Moshi, akapiga risasi moja hewani. Ilisikika vizuri sana.

Aliyeisikia vizuri kuliko wote alikuwa amelala kwenye matete. Kiboko alitoka, akazoa meza, kitambaa na glasi zote. Papa Chérubin alimlenga, akavuta tena. Kimya. Ganda tupu lilikuwa limekwama mlangoni mwa bunduki, nusu ndani nusu nje. Sekunde chache baadaye Shefu alikuwa juu ya paa la jipu, na katibu wake pembeni, mkoba kwapani.

"Mama Rosine! Gonga!"

Mama Rosine aliitazama sufuria namba saba. "Papa Shefu, ilisimamishwa."

"Gonga, nimesema!"

"Kifungu cha ine, Papa. Tutavuruga matokeo."

Shefu alimgeukia Casimir. Casimir, kwenye mambo ya karatasi, hakujua kusema uongo. "Ni kweli, Shefu. Inahitaji maandishi na mhuri."

Kiboko aligonga mlango wa jipu. Mlango ukaingia ndani.

"Andika!"

Casimir alitandaza karatasi juu ya mgongo wa Shefu wake.

"Sufuria zirudi kwa benyewe," alisema Mama Rosine bila haraka. "Na zamu ya asubuhi, mupaka mavuno, ifanywe na Divisheni."

"Divisheni?" Jipu ikayumba. "Divisheni! Andika Divisheni!"

"Aanze Shefu. Na mahindi yetu isiitwe tena muchango."

Hilo la mwisho Casimir alikwisha kuliandika kabla Shefu hajakubali. Akapiga mhuri.

"Sasa utusomee," alisema Mama Rosine, "na kidole juu, kama siku ile."

Casimir alisimama juu ya paa, akasoma yote, kidole juu. Ndipo sufuria tisa zikalia kwa pamoja. Kiboko alitikisa masikio, akageuka, akarudi majini.

Taarifa ya mwisho ilisema kwamba Moshi ilitegemeka kwa asilimia hamsini, na sufuria namba saba kwa asilimia mia. Jumatatu, alfajiri, Papa Chérubin alikuwa kwenye tuta na koti lake la suti, sufuria mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Mama Rosine alikaa juu ya dumu, anakunywa chai.

"Kwa nguvu, Papa. Yeye hajue kama weye njo Shefu."

Siku ya tatu Papa Chérubin alimwita Casimir pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama karatasi ile haiwezi kufutwa.

"Inaweza, Shefu. Lakini lazima Tume ikae, na Tume haikai kabla ya kupokea matokeo ya risasi ya pili."

Risasi ya pili ilikuwa bado ndani ya Moshi, nyuma ya lile ganda, kwenye rangi na mawese.

"Na kashe?"

"Kashe iko salama, Shefu," alisema Casimir, akaubana mkoba wenye mhuri kwapani, kisha akamrudishia mwiko wake, kwa sababu matete yalikuwa yameanza kutikisika.