Boriti Yangu na Hita ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni. Mawingu, upepo wa baridi.
Boriti yangu imenepa tena! Miaka miwili pale maabara imebeba mzigo ule ule bila kulalamika: mbao chini, zege juu, skrubu zangu za mshazari zikiviunganisha. Ijumaa mhandisi anachagua kati ya boriti mbili. Itakayokuwa imenepa kidogo kuliko mwenzake ndiyo itakayobeba sakafu ya darasa la ghorofani, na mwenye nayo atakuwa mkuu wa maabara. Mpinzani wangu, Bwana Taratibu, yake ameichonga meno ya kung'ata zege badala ya skrubu. Hafanyi lolote. Anapima, anakunywa chai. Leo kaniuliza, dada yangu, umelala vizuri kweli? Mnafiki!

Jumanne, 4 Juni. Manyunyu.
Dawa imepatikana. Mbao ikikauka husinyaa. Ikisinyaa upande wa chini, boriti hujikunja kwenda juu. Mama mkwe alipokuwa anaoga nilichukua hita yake, nikaipeleka maabara, nikaiwasha chini ya boriti na kuifunika kwa turubai. Jioni akalia kwamba nyumba hii ina mwizi asiyeonea huruma miguu ya wazee. Mume wangu akaanza kutafuta. Nikamsaidia kutafuta.

Jumatano, 5 Juni. Jua kidogo.
Imepanda! Unywele tu, lakini imepanda! Nikamwambia Taratibu aanze kuzoea kuniita bosi. Akacheka: boriti si mtoto mchanga, acha kuichunguliachungulia.

Alhamisi, 6 Juni. Mvua tangu alfajiri.
Balaa. Usiku umeme ulikatika, hita ikazima, mbao ikanywa unyevu ikavimba. Asubuhi nikawasha kwa nguvu zote. Mchana ukakatika tena. Kukauka, kulowa, kukauka: hakuna kinachoichosha zaidi mbao yenye mzigo. Najua! Wageni wa maabara huwa nawaeleza mwenyewe, na fimbo ya kuonyeshea mkononi! Zege nalo limekauka kwa joto, likasinyaa, likazidi kuikunja boriti chini. Imeshuka milimita mbili! Nimekaa juu ya ndoo, nikalia kidogo.

Ijumaa, 7 Juni. Ukungu.
Mhandisi alipima, akapima tena. Akauliza boriti hii imepatwa na nini. Kabla sijafungua mdomo, Taratibu akadakia: mzee, hewa ya kona ile imebadilika mno wiki hii, tungoje mwezi mmoja itulie. Mhandisi akakubali. Taratibu! Angeshinda leo leo!
Baadaye akanipa hita, kaitoa chini ya turubai na kuifunga gazeti. Akasema mrudishie mwenye nayo, kuna baridi. Na boriti usiiguse, dada. Nikashindwa kumtazama usoni.
Nyumbani nimeisukuma nyuma ya kochi, na mama mkwe amempongeza mwanawe kwa kuipata. Haya.
Kitandani nimewaza. Nisiiguse? Mbona anasisitiza hivyo? Zege likilowa huvimba. Likivimba upande wa juu, boriti hunyanyuka! Kinachotakiwa ni kitu kinene cha kushika maji juu yake. Blanketi la mama mkwe ni la sufu, na alfajiri huwa analiacha akienda bafuni.
Nimetega saa ya kuamka. Nalala sasa, saa saba kasorobo, moyo mweupe kabisa.